Saladi ya Mtama na Ulimi Uliorudi

Nyinyi mlioingia jikoni juzi, mnaovaa kofia nyeupe kabla hamjaungua hata kidole kimoja, hebu njooni mkae. Nasikia kule mjini Arua mnaulizana: ile saladi ya mtama ya yule mama wa Koboko inatengenezwaje? Mnaulizana wenyewe kwa wenyewe, mnabahatisha, wengine mnaweka mayonezi. Mayonezi! Kwa nini msiniulize mimi ningali hai? Kutoka Arua mpaka huku Ludara, Koboko, si safari ya kuaga watu. Nipo tu hapa nyumbani, nimestaafu, nachambua maharagwe yangu, na mdomo wangu bado unafanya kazi zote mbili, kusema na kuonja.

Hiyo ya pili namshukuru Mungu kwa ajili yake kila nikiinua kijiko. Maana kabla sijastaafu ulimi wangu ulizima. Ulizima kabisa, na pua nayo. Mpishi asiyejua ladha ya chumvi! Nilikaa hivyo tangu wakati wa kupanda mpaka wakati wa kuvuna, na siku nyingine niliamini nitazikwa hivyo hivyo, sijaonja tena kitu. Nitawaeleza saladi inavyotengenezwa, na nitawaeleza ulimi ulivyorudi, kwa sababu mambo hayo mawili yalitokea kwenye sinia moja. Msinitazame kwa huruma. Alhamdulillahi, mwisho wake ni mzuri.

Tuanze na mtama, maana ndio unaowashinda.

Mtama uko wa aina mbili kwetu. Upo mweupe, ule unaoletwa sokoni kwa baiskeli kutoka Ayivu. Huo ni mpole. Unauloweka, unauchemsha, unakula. Halafu upo mwekundu, mtama wetu wa huku Koboko, ambao watu wanaupenda kwa sababu ndege hawautaki. Na ndege si wajinga. Mtama mwekundu una ukakasi. Ukiutafuna hivi hivi, ulimi wote unakaza na mate yanakauka. Huo ni wa pombe na uji, lakini ukitaka uwe wa saladi lazima uulaze kwenye maji ya majivu.

Maji ya majivu mnayajua au nayo mmesahau? Chukua maganda ya maharagwe yaliyokauka, au mabua ya simsim, choma mpaka yawe majivu meupe. Tia kwenye chungu chenye matundu chini, mwagia maji polepole, na yale yanayodondoka ndiyo hayo. Mama zetu walilainishia majani ya kunde kwa maji hayo, na mpaka leo wanalainishia. Mtama mwekundu ukilala humo, asubuhi ukakasi umekwisha. Lakini sasa una majivu, kwa hiyo unauosha. Unauosha, unamwaga, unauosha tena. Usitazame maji peke yake. Chukua punje, zisugue kati ya vidole. Zikiteleza, majivu bado yamo. Zikikwaruza, umemaliza. Mtu akiniambia ameosha nami sijasikia vidole vyake vikikwaruza, simwamini hata kama ni dada yangu.

Unajua kwa nini ninasisitiza hivyo? Kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kazi kwa kutoa povu.

Nilikuwa mwanamke kijana, nimetoka hapa Ludara na mtoto wangu Sauda mgongoni, nikapata kazi kwenye nyumba moja ya wageni kule juu Arua Hill. Ilikuwa nyumba ya zamani, ya kuta nene na veranda ndefu, karibu na maofisi. Mkuu wa jiko alikuwa Mama Furaha, mama mmoja kutoka Kongo, mnene, Mkristo wa kuimba kwaya, anayevaa vitenge vya maua makubwa hata siku ya kusugua masufuria. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kiswahili chake cha Kongo na changu cha kambi ya jeshi alikonilea baba vilikutana pale jikoni vikaelewana kabisa.

Watu wa maofisi walikuwa wamechoka na ugali wa mchana, wanasinzia mezani mwao saa nane, wakaanza kudai saladi. Mwenye nyumba akaleta letasi kutoka sokoni. Ilipofika juu ya kilima ilikuwa imelala. Mama Furaha akanyanyua jani moja kwa vidole viwili, akalitazama, akaliweka chini.

"Hii imeshakufa," alisema. "Saladi iko nini? Saladi iko majani na kitu ya kutafuna. Hapa kwetu majani haiko? Kitu ya kutafuna haiko?"

Basi yeye ndiye aliyeanzisha: mtama wa kuchemsha, majani machanga ya kunde, boga la kuchoma, kitunguu, simsim ya kukaanga, ndimu. Na wakati wake ni huu wa mvua zikianza kukata, mtama umevunwa, maboga yamejaa mashambani na kunde bado zinatoa majani ya mwisho. Watu hurudi kazini wameshiba na macho wazi.

Siku ya kwanza nilipoachiwa kuitengeneza, nilitaka kumfurahisha. Nikafikiri, majani haya ya kunde mbona magumu, kwetu tunalainisha. Nikaenda na kikopo changu cha maji ya majivu nilichobeba kutoka nyumbani, nikamimina kwenye majani, nikamimina na kwenye mtama, kwa ukarimu. Majani yakawa ya kijani kibichi, mazuri ajabu. Nikajisifu. Nikapeleka bakuli mezani, wageni wamekaa, na Mama Furaha akaja nyuma yangu na ndimu aikamulie mbele yao, maana alipenda maonyesho.

Ndimu ikagusa majivu. Jamani! Bakuli likaanza kuchemka lenyewe. Povu likapanda, likatoa sauti, ssss, likafika ukingoni. Mgeni mmoja, mzee wa ofisi mwenye tai, akavuta kiti chake nyuma.

"Hii chakula iko hai?" aliuliza.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama Furaha akanyanyua bakuli, akatembea mpaka jikoni kwa heshima zote, akaliweka, halafu akashika mlango akacheka mpaka kitenge kikalegea.

"We mutu ya Koboko," alisema akifuta machozi, "unataka kufulia wageni tumbo?"

Hakunitukana. Alinishika mkono, akaniwekea punje za mtama kati ya vidole, akanifundisha habari ya kuteleza na kukwaruza. Hapo ndipo nilipojua kwamba majivu na ndimu havikai nyumba moja. Na majani ya kunde kwa saladi hayataki majivu kabisa. Chagua yale ya juu, machanga, yanayokunjika bila kuvunjika. Yatumbukize kwenye maji yanayotokota, geuza mara moja, toa, tia kwenye maji baridi, kamua kwa viganja. Basi. Ukiyasahau kwenye moto ukaenda kupiga simu, umeshapata mboga ya ugali, si saladi.

Nakumbuka na bwana mkubwa mmoja aliyechokora bakuli lote mpaka chini kwa uma.

"Mama, nyama iko wapi?" akaniuliza.

"Nyama iko kesho," nikamjibu.

Akala. Kesho yake akarudi akaagiza majani.

Sasa nifike kwenye ulimi.

Mama Furaha alikuwa ameshazeeka, miguu inamsumbua, anakaa kwa mwanawe kule mtaani, na jiko limekuwa langu. Msaidizi wangu alikuwa Letaru, binti wa Ayivu, mtu mzima mwenye mume na watoto, mrefu, mkimya, mwenye mikono myepesi. Mwaka ule ulipita ugonjwa wa mafua makali, watu wengi mjini wakalala. Na mimi nikalala. Homa ikaisha, nikaamka, nikajifunga kanga, nikarudi kazini nikijiona mzima.

Nikaweka karanga kwenye kikaango juu ya sigiri, nikasimama pale pale naziangalia huku nafikiria mambo ya sokoni. Letaru akaingia kutoka nje mbio, akasukuma kikaango chini, akafungua dirisha.

"Mama! Harufu hii yote, husikii?"

Nikatazama. Karanga zilikuwa makaa. Moshi ulikuwa unapita usoni pangu, na pua yangu haikuwa na habari. Nikachovya kidole kwenye chumvi nikalamba. Sikusikia kitu. Nikalamba ndimu, maji tu. Nikatafuna pilipili, ikanichoma midomo, lakini ladha hamna. Nikakaa kwenye gunia la mkaa nikalia, mimi mwanamke mzima, na Letaru akasimama karibu ameshika mwiko hajui auweke wapi.

Kwenye kituo cha afya waliniambia hutokea baada ya mafua kama yale, nisubiri, kwa wengi hurudi.

"Na kwa wengine?" nikauliza.

Muuguzi akasema nisubiri.

Nikangoja. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema, hakunifukuza. Alisema tu kwa upole kwamba kama mavuno yatafika na mimi bado, atanitafutia kazi ya kupokea wageni mlangoni, nikae kwenye kiti kizuri. Kiti kizuri! Nilimshukuru, nikarudi jikoni nikiwa nimekasirika hata na masufuria. Sikutaka kiti. Nilitaka kujua kama mchuzi umekolea.

Nikaenda kumlilia Mama Furaha. Alikuwa amekaa na miguu juu ya kibao, anachambua mchele.

"Ulimi imelala, sawa," alisema. "Masikio nayo imelala? Mikono nayo?"

Basi akanifundisha upya, yeye na uzee wake. Simsim inapoiva inadunda kwenye kikaango, halafu sauti inapungua, ikipungua toa. Boga likiiva kisu kinaingia bila kusukuma. Mtama ukiiva punje inafungua mdomo kidogo, ukiibonyeza inakuwa laini lakini haiwi uji. Chumvi, jaza kishimo cha kiganja, ndivyo ulivyofanya miaka yote, mkono unakumbuka. Jifunzeni na nyinyi hayo, hata kama ndimi zenu ni nzima. Mtu anayepika kwa ulimi peke yake siku moja ataaibika.

Kwa hiyo nilipika. Lakini kuonja alionja Letaru. Natia chumvi kwa kiganja, namwita, anachota kijiko, anasema, "Chumvi iko sawa, Mama." Kila siku hivyo. Chumvi iko sawa, Mama. Nikaanza kulichukia neno hilo. Maana mara nyingine nikigeuka kuchukua sahani, nilisikia kifuniko cha kopo la chumvi kikilia nyuma yangu, taratibu, mtu hataki kisikike. Masikio yalikuwa mazima, nimewaambia. Ningesema nini? Wageni walikuwa wanasifu, sahani zinarudi tupu, na mimi nikilala najiuliza, wanasifu mkono wangu au wa Letaru? Na ananiambia kweli, au ananihurumia?

Hata hivyo niliendelea kuweka vitu mdomoni. Huwezi kuacha. Kila sufuria nilichota, nikatafuna, sikusikia kitu, nikameza.

Sauda, yule niliyekuja naye mgongoni, akapata mchumba. Ndoa ikapangwa hapa Ludara, kwa kaka yangu Juma, wakati wa mavuno. Juma ni mwanajeshi mstaafu kama baba yetu, na hajawahi kustaafu kichwani. Alinipigia simu Arua.

"Dada, nyama na pilau, iko watu yangu. Wewe nataka ile saladi yako ya wazungu."

"Si ya wazungu, ni ya mtama!"

"Ndiyo hiyo. Chakula saa saba kamili."

Nilitaka kukataa. Ndoa ya mwanangu wa pekee, wakwe wanakuja, na mimi nipike kitu nisichokijua ladha yake? Letaru alinisikia nikinung'unika. Akaweka chini ungo.

"Tunakwenda wote, Mama," alisema. "Mimi niko ulimi yako."

Alikuwa amelisema kwa mzaha, lakini nililia tena. Mwaka ule nililia kupita kiasi, hata mimi mwenyewe nilijichoka.

Tulifika Ludara siku moja kabla. Juma alikuwa ametutengea mtama wa shamba lake, gunia zima, mwekundu, na anajivunia kabisa. Ningemwambia tunataka mweupe wa Ayivu angetufunga jela. Nikachoma maganda ya maharagwe, nikachuja majivu, tukaulaza mtama. Nikamwambia Letaru, alfajiri uoshe, uoshe vizuri. Nikataka kumwonyesha ile ya vidole, lakini wakati ule ule wanawake wakaja kuniita, bibi arusi hataki kupakwa hina mpaka mama yake awepo. Nikaenda. Asubuhi ikawa hivyo hivyo: njoo huku, njoo kule, shangazi wa bwana arusi amefika, msalimie. Mama wa bibi arusi hana mikono siku hiyo, wanaivuta watu.

Letaru alikuwa peke yake na mtama. Kwao Ayivu mtama ni mweupe, na jikoni Arua tulipika huo huo, haulazwi kwenye majivu, kwa hiyo hajawahi kuosha wa majivu hata siku moja. Akaenda kwenye pampu ya kijiji, foleni ndefu, kila mwanamke anachota maji ya arusi. Akaona haya kurudi tena na tena na majerikeni, yeye mgeni. Akauosha mara moja, maji yakatoka ya kahawia, akadhani ni rangi ya mtama. Punje zinateleza, akadhani mtama mwekundu ndivyo ulivyo. Akauchemsha, ukaiva vizuri sana, akautandaza kwenye sinia kubwa.

Hapa kuna jambo moja la kazi, lishikeni. Ndimu na chumvi hutiwa kwenye mtama ukiwa bado vuguvugu, kabla ya majani. Mtama wa vuguvugu hunywa uchachu, ukipoa haunywi tena, ndimu inabaki chini ya bakuli. Letaru alijua hilo. Majani ya kunde yalikuwa pembeni yamekamuliwa, boga pembeni, simsim pembeni. Akakamua ndimu.

Mimi nilikuwa natoka kwa wakwe, nimevaa gomesi langu jipya, nikapita jikoni nyuma ya nyumba kuangalia. Nikamkuta Letaru amesimama ameshika ganda la ndimu, macho yamemtoka. Kwenye sinia povu lilikuwa linapanda. Ssss.

Nililitambua povu lile mara moja, lilikuwa povu langu la Arua Hill. Nikajua kosa liko wapi hata kabla hajafungua mdomo. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukachota konzi ya mtama ukaitia kinywani.

Nikatafuna. Kwanza kikaja kitu upande mmoja wa ulimi, kidogo, kama mtu anabisha hodi. Nikaacha kutafuna. Halafu kikaja chote kwa pamoja: sabuni, majivu, uchungu mbaya, ndimu nyuma yake, na ukakasi kidogo uliobaki. Sijawahi kuonja kitu kibaya namna ile tangu nizaliwe.

"Majivu!" nikapiga kelele. "Letaru, majivu!"

Letaru akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake nzuri. "Mama, nisamehe. Niliosha, haki ya Mungu, niliosha mara moja—"

"Iko majivu! Iko mbaya sana!"

"Mama, nisamehe!"

Na mimi nikachota tena. Nikala tena. Machozi yananitoka, povu linanitoka mdomoni, na ninachota. Mara ya tatu Letaru akainua uso. Akaniangalia. Mtu aliyekasirika hali kwa pupa namna ile.

"Mama," alisema polepole. "Unasikia?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akainuka akanishika, tukaanza kuruka pale nyuma ya jiko, yeye mrefu na mimi mfupi, tunapiga vigelegele. Wanawake wa pilau wakadhani ndoa imeshafungwa, wakajibu vigelegele. Huko mbele watu wakasimama, hawaelewi.

Juma akaja mbio, kofia yake ya kufuma kichwani. Akatazama sinia, akatazama povu kwenye kidevu changu.

"Dada, hii nini? Chakula imeharibika?"

"Imeharibika kabisa!" nikamwambia, nacheka. "Ni mbaya, kaka yangu, ni mbaya, onja mwenyewe!"

Akaonja. Akatema. Ndipo akaelewa, maana alijua habari ya ulimi wangu, alikuwa akiniombea kila sala. Akanikumbatia na uzito wake wote. Halafu akakohoa, akajinyoosha, akawa afande.

"Maji!" alipaza sauti. "Nataka maji hapa sasa hivi! Kila mutu na jerikeni yake!"

Vijana wote wa arusi, na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakapangwa mstari kutoka kwenye pampu mpaka jikoni, majerikeni yanapita mkono kwa mkono. Hata bwana arusi alitaka kushika moja, wakamzuia. Tukarudisha mtama kwenye beseni, tukauosha, tukamwaga, tukauosha. Safari hii nilimshika Letaru mkono, nikamwekea punje kati ya vidole, kama mimi nilivyowekewa.

"Inateleza?"

"Inateleza, Mama."

"Mwaga."

Tukaendelea mpaka akainua uso akasema, "Inakwaruza." Tukaupasha kwa maji ya moto upate vuguvugu tena, tukauchuja. Saa saba kamili ilishapita na Juma hakuitaja.

Baada ya arusi nilirudi Arua, na kitu cha kwanza nilimpelekea Mama Furaha bakuli. Nilimweleza habari ya povu la pili. Alicheka mpaka mwanawe akaja kuangalia kama yuko mzima.

Halafu nikaenda kwa mwenye nyumba nikamwambia naacha kazi, jiko apewe Letaru. Hakuelewa.

"Lakini ulimi umerudi, Mama. Sasa ndiyo unaacha?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ungekuwa haujarudi ningeng'ang'ania mpaka mnizike na mwiko."

Alidhani natania. Na nyinyi msidhani hivyo. Tangu siku ile ya karanga mimi nilikuwa na hofu mbili, ile ya kufa bila kuonja, na ile nyingine niliyoificha, kwamba jikoni kwangu hakuna tena anayeonja kweli, kwamba tunawalisha watu huruma. Ya kwanza iliondoka pale kwenye sinia la povu. Ya pili iliondoka baadaye kidogo, pale pale, kabla hatujapeleka chakula kwa wageni.

Ilikuwa hivi. Letaru alikamua ndimu upya, na hapakuwa na povu. Akatia chumvi kwa kiganja chake, sikumwambia kiasi. Akachanganya majani ya kunde, boga, kitunguu, akanyunyiza simsim, zaidi kidogo kuliko mimi ninavyonyunyiza. Hakuonja. Alichota kijiko akanipa mimi, akasimama mikono imeshikana mbele, nguo bado ina vumbi la kupiga magoti, ananitazama mdomo.

Nikala. Majani yalikuwa majani, boga lilikuwa tamu, mtama unatafunika, ndimu imeingia ndani ya punje. Nilitafuta kasoro kwa bidii, maana nilikuwa na njaa ya kulalamika ya miezi. Nikatafuta, nikakosa. Basi hivi ndivyo watu walivyokuwa wakila wakati wote ule. Wageni wangu wote walikuwa wamekula vizuri.

Letaru alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikafuta mdomo kwa upindo wa gomesi langu jipya.

"Chumvi iko sawa, Letaru," nikamwambia.